Mluzi wa Saa Kumi na Dakika Kumi

Fundi saa wa chini ya ngazi aliitwa Dakika, na jina hilo hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe siku ya kufungua kibanda, akaliandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu, kisha akakaa miaka thelathini akiwaambia watu kwamba ni wateja waliombatiza hivyo kwa jinsi anavyoheshimu wakati. Mkewe, ambaye ndiye aliyemshikia kopo la rangi siku ile, hakuwahi kumuumbua mbele za watu. Alikuwa akimwangalia tu.

Kibanda chenyewe kilikuwa kidogo kiasi kwamba fundi akikaa, magoti yake yalikuwa nje tayari. Ndani mlikuwa na meza, taa ya shingo ndefu, bati la peremende lililojaa skrubu ndogo kama punje za sukari, na saa za ukutani kumi na moja, zote zikisema neno moja, maana zikipishana hata kidogo Dakika hakuwa na raha. Siku hizi watu walikuja kumwuliza kama anabadilisha vioo vya simu. Wengine walikuja kuuliza njia ya kwenda kwa mpiga picha wa pasipoti, mlango wa pili. "Mimi ni kibao cha mtaa," alizoea kusema. "Tofauti yetu ni kwamba kibao hakinywi chai."

Kama angekuwa na saa tu, angekuwa mtu mnyenyekevu. Lakini alikuwa na njiwa.

Njiwa wa mashindano, wala si wa kufuga kwa mapambo. Wanachama wa chama chao huwapakia njiwa kwenye matenga, lori likawapeleka mbali, mwendo wa siku nzima, kisha wote wakaachiliwa pamoja. Kila mmoja hurudi kwao. Mguuni amevishwa kipete cha mpira, na akifika, mwenye njiwa humvua kile kipete, akakitumbukiza ndani ya kisanduku cha saa na kuzungusha ufunguo, saa ikapiga mhuri. Mpaka mpira uingie kwenye kisanduku, njiwa hajafika, hata kama amekukalia kichwani. Visanduku vyote vya chama vilitengenezwa na Dakika, na jambo hilo alilitaja katika kila mkutano, iwe lipo kwenye ajenda au halipo.

Njiwa wa kwanza aliwarithi kwa kaka yake mkubwa, aliyekuwa dereva wa malori. Kaka mtu alifariki miaka saba nyuma, na siku zake za mwisho alimwomba neno moja tu: "Kizazi changu cha kijivu kisipotee, mdogo wangu." Dakika alijipiga kifua. Tena moyoni aliona kwamba sasa njiwa wamepata mwenyewe, kwa sababu kaka yake, Mungu amrehemu, hakuwa na utaratibu. Alikuwa akiingiza kiwiliwili chake chembamba bandani kupitia kidirisha cha kusafishia, akanyoosha kiganja chenye mahindi na kukaa kimya hadi njiwa waingie wenyewe, mmoja mmoja, kama watu wanaorudi kutoka matembezini. Dakika aliuita uvivu.

Yeye alileta nidhamu. Kila siku saa kumi na dakika kumi za alasiri alipanda juu ya paa la zege, akawafungulia njiwa wazunguke, kisha akapiga mluzi wa sauti tatu, mbili ndefu na moja fupi, na hapo hapo akamwaga mahindi. Mluzi ule ulisikika mtaa wa tatu. Mpiga picha wa pasipoti alidai aliwahi kurekebisha saa yake kwa kuusikiliza, na Dakika hakupata usingizi kwa furaha.

Mwezi wa pili mwaka huo akaja kipanga.

Alikuwa ndege wa kifua chenye mistari, macho ya manjano, na tabia ya kutua juu ya tangi la maji la jengo la pili na kugeuza kichwa taratibu, kama afisa anayehesabu madawati. Dakika akamwita Mkaguzi. Mkaguzi hakuwa na papara. Aliwangoja njiwa wakusanyike kwenye kijimlango chao, wakisukumana kuingia, halafu akashuka. Kufikia mwezi wa sita alikuwa amechukua sita. Katika kizazi cha kijivu alibaki jike mmoja, mzito wa kifua, aliyezoea kuwakanyaga wenzake migongoni ili afike kwenye mahindi. Huyo alikuwa Bi Mkubwa. Akienda yeye, ahadi kwa kaka imekwenda.

Basi Dakika akatangaza vita, na vita yenyewe iliendeshwa hivi.

Kwanza alining'iniza diski kuukuu za muziki ili zing'ae na kumtia kipanga kiwi. Zilimtia kiwi mama wa ghorofa ya nne, akaja kugonga mlango amefunika macho kwa kanga. Kisha akawachorea njiwa macho bandia mabawani, kwa rangi ile inayowaka gizani ambayo hupakwa kwenye mishale ya saa. Njiwa walipotazamana, kila mmoja alimkimbia mwenzake, na jioni watatu walikataa kabisa kulala na wengine. Akaunda sanamu ya mtu, akaivisha koti lake mwenyewe na kofia yake. Mkaguzi aliikalia begani siku ya kwanza. Mkewe, aliyepanda kuanua nguo akiwa na haraka ya zamu, aliisema ile sanamu kwa muda mrefu kwamba chakula kinapoa, na alipogundua kosa lake alishuka akamwambia mumewe, "Leo angalau umenisikiliza bila kunikatiza."

Mkewe alikuwa mkunga. Mambo ya ratiba hayakumshughulisha.

"Mimi nimezalisha miaka ishirini na saba," alimwambia wakati mmoja, akivua viatu mlangoni. "Sijaona mtoto hata mmoja aliyeangalia saa yako."

"Ndiyo maana watu wengi wanachelewa," alijibu Dakika, na alidhani amesema jambo la maana.

Mwisho akaunda bundi. Hii ndiyo kazi aliyojivunia. Bundi wa plasta, urefu wa mtoto wa chekechea, macho yake vioo vya saa za ukutani vilivyopakwa rangi ya chungwa kwa ndani. Alimweka juu ya nguzo kando ya banda siku ya Jumanne. Asubuhi ya Jumanne hiyo hiyo alikuwa ameng'olewa jino la mbele, mdomo umevimba, na ilipofika saa kumi na dakika kumi alijaribu kupiga mluzi yakatoka mate. Akawafungulia njiwa hivyo hivyo, akamwaga mahindi kimya kimya, akasubiri. Mkaguzi hakutokea.

Hakutokea Jumatano, wala Alhamisi. Siku kumi na moja zikapita, pengo halijamruhusu mtu kupiga mluzi, na tangi la jirani liko tupu. Njiwa wakaanza kunenepa. Mtu mwingine angejiuliza ni kitu gani kilichobadilika. Dakika hakuwa na haja ya kujiuliza. Alikuwa amekwisha kumpa bundi sifa zote, na sehemu kubwa ya sifa hizo akajirudishia mwenyewe.

Katika mkutano wa chama alisimama akazungumza dakika arobaini. Kwa sababu ya pengo, kila neno lenye herufi ya S lilitoka na upepo, lakini hakujali. Alieleza habari za plasta, pembe ya macho, saikolojia ya ndege wawindaji. Mwenyekiti wa chama, muuza nyama mwenye mikono mipana na kicheko cha kutingisha meza, alimsikiliza hadi mwisho akasema:

"Fundi, maneno matamu. Tuonyeshe."

"Njooni Jumamosi," alisema Dakika. "Saa kumi na dakika kumi. Msichelewe."

Wakaja watu saba. Mkewe aliwapelekea chai juu ya paa, akasimama kando na sinia. Dakika alivaa shati jeupe. Na kwa kuwa onyesho bila mluzi ni kama arusi bila bibi arusi, na mdomo ulikuwa bado haujatengemaa, alinunua kipenga cha chuma, kile cha marefa. Muda ulipotimia aliwafungulia njiwa, akainua mkono kama kiongozi wa bendi, akapuliza. Mbili ndefu na moja fupi. Kipenga kile kilisikika mtaa wa sita.

Mkaguzi alifika kabla chai haijapoa. Alipita katikati ya wageni, akamchukua dume jeupe mbele ya kijimlango, akatua naye juu ya kichwa cha bundi ili avute pumzi, akawatazama wanachama saba mmoja mmoja, kisha akaenda zake. Unyoya mmoja uliyumbayumba hewani ukatua ndani ya kikombe cha mwenyekiti.

Mwenyekiti aliutoa unyoya kwa vidole viwili.

"Fundi," alisema kwa upole uliouma kuliko tusi, "kwa kweli umemjengea mahali pazuri pa kupumzikia."

Wakavunjika mbavu. Walishuka ngazi wakicheka, na kicheko kilisikika hadi ghorofa ya chini. Dakika alibaki amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kipenga kinaning'inia shingoni, aibu imempanda hadi masikioni. Mkewe alikusanya vikombe bila haraka.

"Baba," alisema, "huyu ndege wako huja ukipiga mluzi."

"Njiwa wote huja nikipiga mluzi. Nimewafundisha."

"Sisemi njiwa. Nasema yule mwingine. Mimi huwa niko jikoni, tangi lile naliona dirishani. Ukipiga, anakuja. Siku mdomo wako ulipokuwa umevimba, hakuja. Unamwita aje kula, na yeye ana adabu, anaitika."

Dakika aligeukia banda. Alihesabu. Njiwa saba, kila mmoja alikwenda baada ya mluzi. Hata haikuchukua muda mrefu kuhesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi yake. Miezi yote ile alikuwa akitafuta nani anamwonyesha kipanga mlango, kumbe mwonyeshaji alikuwa amevaa shati jeupe.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Nilikuambia mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unachora macho. Mara ya pili nadhani nilikuwa naiambia sanamu."

Mashindano ya mwisho ya msimu yalikuwa Jumamosi iliyofuata. Dakika alitaka kumwacha Bi Mkubwa nyumbani, kisha akaona kwamba njiwa wa mashindano asiyeruka ni kuku, na kaka yake asingempenda kuku. Akamvisha kipete cha mpira, akampakia. Kipenga alikitupa uvunguni mwa kitanda. Akajiapia kwamba siku hiyo hatapiga mluzi hata nyumba ikiungua.

Jumamosi ilipofika, kuanzia saa nane alikuwa juu ya paa na kisanduku chake cha saa juu ya kigoda, kando ya bundi. Mke alikuwa amelala baada ya zamu. Jua lilikuwa kali, anga tupu, tangi tupu. Saa tisa na dakika arobaini na tano simu ikalia.

"Kuna kitu kwako?" aliuliza mwenyekiti.

"Bado."

"Hata kwangu bado. Hakuna mtu aliyepata."

Dakika tatu baadaye akamwona. Alitokea upande wa kaskazini, chini chini, peke yake, akipiga mabawa kwa ile namna nzito ambayo Dakika angeitambua hata usingizini. Bi Mkubwa. Wa kwanza kati ya njiwa mia mbili na zaidi. Moyo ulimruka Dakika, machozi yakamlenga, na kabla akili haijafika mahali ilipotakiwa, midomo ilikuwa imekwisha kukusanyika na mluzi ukatoka, safi, kupitia kwenye lile pengo lililokuwa limepona bila kumwarifu. Mbili ndefu na moja fupi.

Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyetapika mbele ya wakwe.

Kilichomwumiza zaidi ni alichokifanya Bi Mkubwa. Alikuwa anashuka kwenye kijimlango, na aliposikia mluzi akakata kona, akapaa, akaenda kujibana chini ya ukingo wa ukuta wa paa, ameifyata shingo. Hapo ndipo Dakika alipoelewa mengine. Njiwa nao walikuwa wamejifunza. Kwao mluzi ule ulikuwa na maana ya hatari, ndiyo sababu miezi ya karibuni walikuwa wazito kuingia, na yeye akawa anazidisha sauti. Kipanga alijua maana ya mluzi, njiwa walijua, mkewe alijua jikoni. Juu ya paa lile palikuwa na kiumbe mmoja tu asiyejua.

Akatazama tangi. Tupu. Lakini halitakuwa tupu muda mrefu.

Kumkimbilia angemrusha. Kumwita hakuthubutu. Basi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka saba: akachota mahindi, akapiga magoti mbele ya kidirisha cha kusafishia, akajipenyeza bandani kama alivyokuwa akifanya kaka yake. Kaka yake alikuwa mwembamba. Dakika aliingia kichwa, mabega, kifua, na tumboni safari ikaishia. Nusu ikawa ndani na nusu nje. Akanyoosha kiganja, akanyamaza.

Humo ndani mlinukia manyoya na nafaka. Njiwa waliobaki walimtazama, mmoja akamkanyaga kisogo. Alimkumbuka kaka yake. Hakuwa mvivu, masikini. Alikuwa anawaachia nafasi waje. Dakika alitaka sana kumwambia hivyo, na hapakuwa tena na wa kumwambia.

Akasikia kucha zikikwaruza zege. Kucha zikasimama, zikaja tena. Nyaya zinazoning'inia kwenye kijimlango, zinazofunguka kwa ndani tu, zikagongana, na Bi Mkubwa akaingia kwa miguu yake, akawakanyaga wenzake wawili, akapanda kiganjani. Wakati huo huo kivuli kikapita, na kitu kizito kikatua nje. Kwa upenyo wa ubao Dakika alimwona Mkaguzi amekaa juu ya bundi, hatua mbili kutoka mahali ambapo fundi saa mzima alikuwa amebakiza makalio nje.

Kipete cha mpira kilikuwa mguuni mwa njiwa, njiwa mkononi mwake, na kisanduku cha saa juu ya kigoda, anakisikia kikigonga. Alihitaji kurudi nyuma tu. Lakini akirudi nyuma kidirisha kinabaki wazi. Yeye ndiye aliyekuwa mlango. Kombe aliliona vizuri kabisa machoni mwake, na jina lake juu yake. Aliona na uso wa mwenyekiti. Bi Mkubwa alikuwa anahema kwa nguvu, moyo wake unapiga mbio kwenye kiganja. Dakika alikaa palepale. Mwanzoni alihesabu kila mlio wa saa, kisha akasahau kuhesabu.

Aliyemfukuza Mkaguzi ni mkewe, aliyepanda na nguo za kuanika. Alimpungia shuka, kipanga akaondoka bila haraka. Kisha akageukia kidirisha.

"Baba," alisema mkewe, "hii sanamu mpya umeipa suruali yako nzuri."

"Nivute," ilisema sauti kutoka bandani.

"Amefika?"

"Ninaye mkononi. Nivute, nimekwama."

Akavuta. Haikuwa kazi ndogo. "Vuta pumzi," alisema mkunga. "Toa. Usisukume bado. Nikikuambia, sukuma." Dakika alivuta pumzi, akasukuma alipoambiwa, na mwisho akatoka mzima mzima, amejaa manyoya, analia. Mkewe alifunga kidirisha kwa goti. Dakika alikivua kipete, akakitumbukiza, akazungusha ufunguo, na hapo tu ndipo alipotazama kilichopigwa mhuri.

Saa kumi na dakika kumi kamili.

Jioni kwenye ukumbi wa chama visanduku vilifunguliwa. Njiwa wa mwenyekiti alikuwa amefika saa kumi kasoro dakika moja, akachukua kombe. Karatasi ya Dakika iliposomwa, ukumbi mzima uliangua kicheko.

"Jamani, huyu mtu!" mwenyekiti alipiga meza. "Hata kwenye mashindano njiwa wake anazunguka angani mpaka ratiba ifike! Fundi, simama utueleze. Kwa nini alichelewa?"

Dakika alisimama. Angeweza kusema saa tisa na dakika arobaini na nane. Shahidi hakuwepo, lakini hajawahi kuhitaji shahidi. Mkewe alikuwa amekaa mstari wa nyuma na sare yake ya zamu, naye alikuwa akimwangalia tu.

"Hakuchelewa," alisema Dakika. "Yeye alifika mapema. Aliyechelewa ni mimi."

Wakacheka tena, wakidhani ni mzaha. Akacheka nao, akachomoa unyoya uliokuwa umebaki kolani, akakaa.